Bieli Nane Zilizotazama Upande Mmoja

Kosa langu kubwa la kwanza katika kazi hii nililifanya nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nililifanya kwa usafi mkubwa. Niliunganisha pistoni nane na bieli zake nane, yaani ile mikono ya chuma inayoshika pistoni na kuzungusha shafti, nikazipanga juu ya kitambaa cheupe, zote zikitazama upande mmoja kama wanafunzi mbele ya bendera. Hakukuwa na moja yenye chembe ya vumbi. Nne kati ya hizo zilikuwa kinyume.

Nawaandikia ninyi mnaobaki garajini hapa Baraka, kando ya ziwa. Mwezi uliopita niliwaachia funguo, nanyi mkaniomba niandike ninayoyajua. Habari za vyeo sitazisema, maana katika garaji ya watu wanne cheo ni kujua nani atalala chini ya gari siku ya mvua. Nitaeleza nilivyoingia, aliyenifundisha, na moteri mbili zilizonifanya nishindwe kuacha kazi hii hata siku nilizotamani kuiacha.

Shule ya ufundi sikuisoma. Nilichokisoma ni nusu ya kitabu. Mama mmoja sokoni alikuwa akichana kurasa za kitabu kinene cha Kifaransa ili kuzungushia karanga zake. Siku moja nilipomaliza karanga zangu niliifungua ile karatasi, nikaona mchoro wa moteri iliyokatwa katikati kama papai. Nilirudi mbio, nikamwomba anipe kilichobaki, nami nimpe magazeti. Alikubali haraka, alisema karatasi za kitabu kile zilikuwa ngumu kukunja. Kilichobaki kilieleza moteri ya mstari yenye silinda sita, tangu pale hewa inapoingilia juu mpaka bakuli la mafuta chini. Sijui kama moteri za V zilikuwemo katika nusu ya kwanza. Kama zilikuwemo, watu wa Baraka walizila pamoja na karanga.

Nilikikariri kitabu hicho huku nikitengeneza baiskeli. Kifaransa chenyewe nilijifunzia humo, ndiyo maana mpaka leo naweza kueleza kwa Kifaransa jinsi ya kusawazisha vali lakini siwezi kuagiza chakula.

Papa Wilondja alinipokea bila kuniuliza cheti. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyejifunza kazi kwa Wagiriki wenye maduka kabla hawajaondoka. Siku ya kwanza alinipa debe la bolti zilizochanganyika, akaniambia nizioshe. Niliziosha, nikazipanga kwa urefu, kisha kwa unene, kisha kwa meno, halafu nikaziosha tena kwa sababu mikono yangu ilikuwa imezichafua. Jua lilipoinama alikuja kuangalia, akasimama kitambo.

“We, unataka kuzioa?” aliniuliza.

Mafundi wengine walicheka wiki nzima. Yeye hakucheka, lakini kuanzia hapo aliniachia kazi zote za kufunga.

Lazima niseme ukweli juu ya hiyo sifa yangu. Watu waliiita bidii, nayo ilikuwa woga. Nilikaza nati, nikaenda, nikarudi kuigusa. Gari likitoka garajini nililisikiliza mpaka sauti yake ipotee. Niliogopa kwamba siku moja mtu angetambua kuwa kichwani mwangu mlikuwa na nusu ya kitabu tu.

Tulikuwa na vyombo vichache. Ufunguo unaopima nguvu ya kukaza hatukuwa nao, kwa hiyo Papa Wilondja alichukua bomba la urefu wa metro moja, akalivika kwenye ufunguo wa kawaida, na mwisho wa bomba akatundika mizani ya ndoano, ile ya kupimia mikebuka ufukweni. Kama kitabu kilidai kilo sita, tulivuta mpaka mshale ufike kwenye sita. Mizani hiyo haikuacha kunuka samaki. Lakini sijaona moteri iliyofunguka kwa kukazwa nayo.

Gari la kwanza lililonitoa pumzi lilikuwa la sitwayen Lubala, yaani raia Lubala, maana ndivyo tulivyotakiwa kuitana wakati huo. Alikuwa mfanyabiashara na mtu wa chama, abakosti yake, lile koti la chama lisilo na tai, haikuwa na mkunjo, na beji yake ilionekana tangu ng'ambo ya barabara. Duka alilokuwa nalo lilikuwa la Mgiriki aliyeondoka, na ndani ya ua wake lilikutwa gari la kijani la mbio, refu mbele, lenye silinda sita za mstari. Lilikuwa limelala miaka miwili chini ya magunia ya pamba.

Nilipofungua kifuniko niliona mchoro wa kitabu changu umekuwa chuma. Silinda sita zimefuatana, moja nyuma ya nyingine, kama wapiga kasia katika mtumbwi mmoja mrefu. Kila kitu kilionekana: hewa inaingia upande huu, moshi unatokea upande ule, kichwa ni kimoja, shafti imenyooka chini ya zote. Tuliisafisha siku tisa. Ilipowaka, Papa Wilondja aliweka kikombe cha chai kilichojaa juu ya kichwa cha moteri, akavuta waya wa mafuta polepole. Sauti ilipanda kutoka kunguruma mpaka kuimba. Chai haikumwagika. Ilitetemeka pembeni tu, duara dogo, kama maji mtu anapopita karibu.

Papa Wilondja alieleza kwamba katika sita za mstari kila pistoni inayopanda ina mwenzake wa kufuta mtikisiko wake, hivyo moteri nzima inajituliza yenyewe. Mimi sikuwa nasikiliza vizuri. Nilikuwa nikitazama kikombe.

Mwaka uliofuata, gari la pili lilifika kwa mashua, likashushwa ufukweni juu ya mbao na watu wengi kuliko waliohitajika. Lilikuwa jipya, pana, jekundu, nalo pia la Lubala. Lilikuwa na silinda nane za V. Dereva wake, aitwaye Safari, alilikimbiza siku ya kwanza bila kutazama mafuta, na jioni likarudi likigonga tumboni kama mtwangio.

Papa Wilondja alipofungua, sote tuliinama kutazama. Zile nane hazikuwa zimefuatana. Nne ziliegemea kulia, nne kushoto, na karabureta imekaa bondeni katikati. Moteri yenyewe ilikuwa fupi kuliko ile sita, na ilikuwa na nguvu karibu mara mbili. Tulipogeuza chini juu ndipo nilipoona ajabu yenyewe. Katika moteri ya mstari, kila bieli ina kiwiko chake peke yake kwenye shafti. Hapa kiwiko kimoja kilishikwa na bieli mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto, ubavu kwa ubavu. Ilikuwa kama watu wa ufukweni wanaovuta wavu, safu mbili zimeachana lakini kamba zinakutana kwenye wavu mmoja. Nilijiuliza ni nani aliyekaa chini akafikiri hivyo, na alifikiri kwa muda gani, na kama naye alikuwa na hofu.

Tulikuwa tumeshatoa kila kitu, na Lubala alikuwa ameleta vipuri, wakati habari ilipokuja kwamba kaka yake Papa Wilondja amefariki huko Kazimia. Alikwenda kilioni siku hiyohiyo. Kabla ya kupanda mashua aliniambia nioshe vyote, nivifunike, nisifunge chochote chini, kwenye shafti, mpaka arudi.

Nilisubiri siku nne. Siku ya tano Safari alikuja kusema kwamba Jumamosi ya wiki ifuatayo mkubwa mmoja wa serikali kutoka Bukavu atafika, na Lubala ameahidi kumpandisha Fizi, mlimani, ndani ya gari jekundu. Vikundi vya kucheza vilikuwa vimeshaanza mazoezi. Mwaka uliotangulia, dereva mmoja alikaa kachoni, mahabusu, siku kumi na moja kwa sababu tairi lilipasuka mbele ya msafara, wakaita hujuma. Safari aliyasema hayo kwa utani, lakini alikuwa akitazama pistoni zangu.

Hapo nikafunga. Sitasingizia haraka peke yake. Nilitaka Papa Wilondja arudi akute kazi imekwisha, safi, aseme jambo. Nilifanya kama kitabu kilivyosema: bieli zote upande mmoja. Kwa moteri ya mstari ndivyo ilivyo, na nusu ya kitabu haikuniambia kwamba kuna njia nyingine. Nilikaza kwa mizani ya samaki, mara tatu kila bolti. Kisha nikazungusha shafti kwa mkono.

Ilikuwa nzito. Nilijiambia kwamba vipuri vipya huwa vizito. Nilitia mafuta, nikazungusha tena. Ilikuwa nzito vilevile, uzito mmoja usiopungua. Nilijiambia tena maneno yaleyale, nikafunga bakuli.

Papa Wilondja alirudi siku saba baada ya kuondoka, amenyoa kichwa. Alisimama mbele ya moteri iliyofungwa, vidole vyake vikigusa mfuko wa shati.

“Ulishafunga?”

“Ndiyo, Papa.”

“Na inazunguka namna gani?”

“Inazunguka muzuri.”

Huo ndio uongo wangu. Ulikuwa na maneno mawili. Alinitazama kidogo, akaondoa mkono mfukoni, akasema basi turudishe kwenye gari. Alasiri hiyo Lubala alikuja na watu wake. Alimuuliza Papa Wilondja mbele ya wote kama gari litapanda Fizi, na Papa Wilondja akajibu kwamba litapanda, na kama likifia njiani wamfunge yeye, wasimtafute mwingine. Aliyasema hayo kwa sababu aliamini neno langu.

Alhamisi asubuhi tulijaribu kuwasha. Ile mota ndogo ya kuwashia ilinguruma, ikazungusha nusu, ikakwama. Lubala alisema bateri ni mpya. Papa Wilondja alieleza kwamba moteri ikitoka kufungwa huwa na nguvu za ukaidi. Alisema kamioni la mizigo livute gari kidogo, itawaka yenyewe. Safari alifunga kamba, akapanda kwenye kamioni. Mimi nilijua kwamba kamioni halina huruma ya bateri. Kitu kilichokwama kitazunguka kwa lazima, na kitakachokatika kitakatika. Shafti nyingine kama ile haikuwepo Baraka, wala Uvira, wala mahali popote nilipopajua. Niliwaza pia kwamba nikinyamaza, lawama itamwangukia yeye aliyejitolea kufungwa. Wazo hilo lilipita kichwani mwangu kama faraja kwa muda wa pumzi moja. Naliandika kwa sababu ni kweli.

“Papa, basivute,” nilisema.

“Juu ya nini?”

“Nilikudanganya. Iko nzito. Ilikuwa nzito tangu siku nilifunga bieli.”

Kila mtu alisikia. Lubala alianza kucheka. “Fundi, mutu wako anaogopa moteri sawa mamba. Vuta, Safari.”

Papa Wilondja hakunitazama. Alitembea mpaka mbele ya kamioni, akaweka mkono kwenye kamba.

“Toa kamba,” alimwambia Safari.

“Sitwayen fundi,” Lubala alisema, na sasa hakucheka, “ulisema mbele ya batu. Samdi iko kesho kutwa.”

“Nilisema. Na minasema tena. Toa kamba.”

Walipoondoka tulifungua bakuli. Papa Wilondja alilala chini ya gari na tochi, akakagua bieli moja moja. Alipotoka alikaa chini akiegemea gurudumu. Akaingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa karatasi ya pakiti ya sigara iliyokunjwa mara nne, akanipa.

Ulikuwa mchoro wa kalamu: kiwiko kimoja, bieli mbili. Kila bieli ina ubavu mmoja ulionyolewa mshazari na ubavu mmoja ulio bapa. Ulionyolewa unatazama ukuta wa kiwiko, kwa sababu pale pembeni chuma kimejaa kidogo na kinahitaji nafasi. Ulio bapa unatazama mwenzake. Yaani bieli za kulia na za kushoto hazitazami upande mmoja. Zinapeana mgongo. Za kwangu za upande wa kulia zilikuwa zimebana ukuta kwa ubavu bapa, zote nne.

Nilimuuliza ameipata wapi.

“Kazimia,” alisema. “Kilio kilikuwa kweli. Lakini kilio kiliisha, mi nikabakia siku mbili juu ya kutafuta fundi mumoja wa mashua. Ile mashua yake iko na moteri ya V. Nilimuuliza sawa mutoto wa masomo ya primaire.” Alifuta tochi kwa kitambaa. “Hata mi sikujuaka, Asukulu. Kwa ile Wagiriki hatukuonaka V. Nilipofika hapa, nikakuta ulishafunga, unasema inazunguka muzuri. Nikasema: huyu amenipita. Nikaona haya kutoa karatasi.”

Nilikunjua karatasi tena. Mtu niliyemwona hana asichokijua alikuwa amebeba hofu ileile kama yangu, kwenye mfuko wa shati, karibu na beji ya chama ambayo sote tulilazimika kuivaa. Nilitaka kuomba msamaha, lakini yeye alikuwa ameshasimama.

“Basi, tuchemshe mawese,” alisema.

Maana pini ya pistoni haitoki ikiwa baridi. Tulitumbukiza pistoni nne katika sufuria ya mawese yanayochemka, moja baada ya nyingine, tukasukuma pini, tukageuza bieli, tukarudisha. Garaji ilinuka kama jiko la arusi. Kwenye ukingo wa kila bieli niliyokosea kulikuwa na mstari unaong'aa, mwembamba kama unywele, mahali chuma kilikuwa kimeanza kuliwa na mizunguko yangu michache ya mkono. Papa Wilondja aliupitishia ukucha, akanionyesha. Tulifanya kazi Alhamisi yote na Ijumaa mpaka mchana. Mara ya pili nilipozungusha shafti nilimwita aishike yeye. Aliizungusha kwa vidole viwili.

Ijumaa saa tisa mchana iliwaka. Haikuimba kama ile sita. Ilitoa sauti nzito isiyo sawa, kama ngoma mbili zilizokubaliana bila kulingana, na nilihisi ardhi chini ya ndala zangu. Kikombe cha chai hatukujaribu.

Jumamosi Papa Wilondja alimwomba Lubala tufuate msafara kwa ile sita ya kijani, pamoja na vyombo vyetu. Yeye aliendesha. Mbele yetu mkubwa wa Bukavu alikaa nyuma ya kioo cha gari jekundu, Safari kwenye usukani. Kwenye tambarare ya ziwa tulikuwa sawa. Kona za kupanda Fizi zilipoanza ndipo nilipojifunza tofauti ambayo hakuna kitabu kizima kingenifundisha.

Ile sita yetu ilibidi ibembelezwe. Papa Wilondja alishusha gia, akaiacha ipande sauti mpaka juu, na huko juu ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichokisikia maishani. Ikishuka sauti, nguvu iliondoka nayo, akashusha gia tena. Mikono yake haikupumzika. Ile nane mbele yetu haikubadilisha hata gia. Ilipunguza kwenye kona, ikatoka kwenye kona, mzigo na mlima vyote vimo, na sauti yake ikabaki palepale chini. Nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili, nikisubiri mlio mmoja wa chuma, moshi, chochote. Niliona vumbi tu, nalo lilizidi kuwa mbali.

“Sikiliza,” Papa Wilondja alisema. “Ile haiombi.”

“Na hii yetu?”

“Hii inaomba muzuri.”

Fizi ngoma zilikuwa zimeanza. Mkubwa alishuka, akapiga kofi mara mbili kwa wachezaji, akaingia kwenye kivuli alichoandaliwa. Hakulitazama gari. Lubala alitupita kana kwamba hatujuani, na kwa mtu wa namna ile, siku kama ile, hiyo ilikuwa shukrani. Papa Wilondja alifungua kifuniko cha ile nyekundu, akaweka kiganja juu ya chuma mpaka moto ukamlazimisha kukitoa. Jioni alirudi nyumbani kwake, akala na watoto wake. Mimi nilihesabu hilo kuwa mshahara wa mwaka.

Mkiniuliza ipi bora, nasema mnauliza kama watoto, na mimi niliuliza hivyohivyo. Ya mstari inakuonyesha kosa lako mapema. Unafungua kifuniko na yote yako mbele yako, na ukiwa maskini wa vyombo itakusamehe. Ya V inaficha. Ina vichwa viwili, moto umejikusanya bondeni, buji nyingine, yaani plagi, huzifikii bila kuumia vidole. Lakini ni fupi, ina nguvu tangu chini, na aliyeifunga vizuri anajua kitu kuhusu wawili kushika kiwiko kimoja. Zote mbili nilizifunga mara nyingi baadaye, na kila mara ya kwanza ya kuwaka niliacha kila kitu nikasikiliza.

Vita vilipokuja tulivuka ziwa, tukarudi, na magari yale mawili sikuyaona tena. Papa Wilondja alizikwa Kazimia, karibu na kaka yake. Sasa mnaletewa silinda nne za mstari na pikipiki, na V ya mwisho kuingia hapa wengine wenu hamkuwa mmezaliwa. Katika garaji hii hakuna tena anayefunga moteri chini peke yake: mwingine anakuja kuizungusha kwa mkono, na yeye ndiye anayesema wa kwanza kama ni nzito au nyepesi. Na mimi, nikiulizwa jambo nisilolijua, nasema sijui.